Pimbi Aliyekwenda Kupanda Wimbi

Paukwa!

Pakawa.

Ndiko kuitika gani huko? Mmemeza mawe? Paukwa!

Pakawa, bibi!

Palikuwa na kisima. Kikawaje? Kikakauka. Palikuwa na chungu. Kikawaje? Kikapoa. Palikuwa na neno moja. Likawaje? Likaingia masikio mawili, likatoka maneno mawili. Haya, kaeni vizuri. Hadithi hii si tamu, nawaambia mapema, atakaye tamu akalambe asali.

Hapo zamani za kale, pimbi walikuwa wakulima. Usinitolee macho, wewe! Pimbi huyu huyu unayemjua, mdogo kama sungura, asiye na mkia, anayeota jua juu ya mawe, alikuwa na jembe lake, alikuwa na shamba lake, alikuwa na ghala yake. Na zao lake lilikuwa moja tu: wimbi. Uji wa wimbi, ugali wa wimbi, togwa ya wimbi. Bara zima hakukuwa na mnyama wa kumshinda pimbi kwa kupanda wimbi.

Ikaja njaa. Mwaka wa kwanza mvua haikunyesha, pimbi wakala ya ghalani. Mwaka wa pili mvua haikunyesha, wakala mizizi. Mwaka wa tatu mvua haikunyesha, wakatafuna magome ya miti, na miti yenyewe ilikuwa imekufa.

Kilibaki kibuyu kimoja cha mbegu. Kilining'inia darini, juu ya moshi wa jiko, nyumbani kwa pimbi mmoja aliyeitwa Mama Sidi. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza mbegu wa ukoo. Majirani zao, sungura na digidigi na nguruwe, walikuwa wameshakula mbegu zao tangu mwaka wa kwanza. Pimbi hawakula. Pimbi walikuwa na mwiko: mbegu hailiwi. Ulie njaa, uzimie njaa, ufe njaa, mbegu hailiwi.

Huyo Sidi alikuwa kitinda mimba wa Mama Sidi. Alilala pale jikoni, mbavu nje, akitazama juu.

Siku ya kwanza akauliza, "Mama, kibuyu kile kina nini?"

"Kina mbegu, mwanangu."

Siku ya pili akauliza, "Mama, mbegu si chakula?"

"Ni chakula cha mwakani, mwanangu."

Siku ya tatu hakuuliza.

Mama Sidi akamzika mwanawe chini ya jiwe, akarudi ndani, akakitazama kibuyu. Hakukifungua. Nayasema haya ili mjue yule mama alikuwa wa namna gani, maana mbele huko mtataka kumcheka.

Basi siku moja akaja Kunguru, mpiga mbiu wa pwani. Akatua juu ya jabali, akapiga pembe, pu, pu, pu!

"La mgambo limelia! Sikieni walio karibu, wawaambie walio mbali! Malkia Nguva ametangaza mashindano ya kupanda wimbi! Siku ni mwezi mpevu, mahali ni ufukoni! Atakayepanda kuwashinda wote, yeye na ukoo wake watapewa kisima cha maji matamu, wanywe wao, wanywe wajukuu, wanywe vitukuu! Mwenye masikio na asikie!"

Kisha akaruka zake. Kunguru hakai mahali pasipo na makombo.

Sasa, nyinyi mmezaliwa mnaona bahari. Mnajua kuna wimbi la maji, linainuka, linavimba, linakimbilia pwani, na wanyama wa huko hulipanda wakasimama juu yake kwa mbao. Lakini pimbi wa bara atajulia wapi? Maji aliyoyaona yeye ni ya mtungini, na maji ya mtungini hayajawahi kuinuka. Aliposikia kupanda, akasikia jembe. Aliposikia wimbi, akasikia uji.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Babu Jego, mwenye meno marefu na maneno marefu zaidi. Akapiga kofi la furaha.

"Kupanda wimbi! Hao wa pwani hata kunde hawajui kupanda, leo watushindanishe kwa wimbi? Jamani, Mungu ametukumbuka! Mama Sidi, teremsha kibuyu."

Mama Sidi akasema, "Babu, na mvua ikija huku nyuma?"

"Mvua ipi? Hiyo ya miaka mitatu?"

"Basi nichukue nusu, nusu ibaki."

"Nusu! Utapanda vijishimo vitatu umshinde nani? Shindano ni shamba kubwa. Na ukishinda, si utavuna? Utarudi na kisima na magunia juu yake."

Wote wakasema, "Kweli kabisa!" Mwenye njaa hana hoja. Mama Sidi akateremsha kibuyu. Akachukua jembe, akachukua ungo wa kupepetea mavuno, akawakumbatia wanawe wawili waliobaki, akashika njia. Wanawe hawakulia. Machozi nayo yanataka maji.

Akaenda, akaenda, akaenda. Siku saba. Usiku alilala amekumbatia kibuyu, na njaa yake yote hakutia punje moja mdomoni.

Asubuhi ya siku ya nane akafika ufukoni, na kumbe maji yalikuwa yamekupwa. Mwezi mpevu huleta bamvua, maji hutoka mbali mno, bahari ikawa ule mstari tu kule mwisho. Mbele yake akaona uwanda mpana, tambarare, hauna jani wala jiwe, umetobolewa vishimo vidogo vidogo kila mahali. Nyinyi mnajua ni vishimo vya kaa. Yeye akasema, "Loo, wenyeji wameshatayarisha shamba!"

Akapiga magoti. Akaushika ule mchanga, ukachuruzika maji vidoleni. Miaka mitatu hajashika udongo mbichi. Mama Sidi akalia pale, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akalamba kidole, akaona chumvi, akasema, "Si neno, hata kwetu ardhi ya magadi huzaa." Akatazama huku, akatazama huku, hakuna mshindani. Akasema, "Nimewawahi." Akashika jembe.

Akalima mstari wa kwanza, na kila shimo punje tatu. Na huku akiimba:

Mbegu hailiwi, mbegu hungoja,
Mvua ni mgeni, na mgeni huja.

Akatokea Kaa, anakwenda upande upande.

"Mgeni, habari za asubuhi?"

"Njema, baba."

"Unafanya nini hapa?"

"Napanda wimbi."

"Unapanda wimbi? Mbona wimbi lenyewe halijaja?"

"Langu nimekuja nalo, baba. Limo kibuyuni."

Kaa akacheka mpaka gamba likamlia. "Kibuyuni! Ama kweli tembea uone! Haya mama, panda, panda!" Akaenda kuwahadithia wenzake kuna kichaa ametoka bara na wimbi kwenye kibuyu. Wakacheka wote. Kumwambia ukweli, hakwenda hata mmoja.

Akalima mstari wa pili, na kila shimo punje tatu. Mbegu hailiwi, mbegu hungoja. Akatokea Kasa, anajikokota.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Napanda wimbi, bibi."

Kasa akatazama jembe, akatazama vishimo, akatazama punje. Naye alielewa. Huyu ndiye aliyeelewa, jamani! Kasa hufukia mayai yake mchangani kila mwaka, anajua maji yanafika wapi na saa gani. Akafungua mdomo aseme. Halafu akaona maneno yenyewe marefu, jua limeshachomoza, na nyumbani ni mbali.

"Haya, kazi njema," akasema.

"Ahsante, bibi."

Kaa nimemsamehe, ni mjinga. Kasa sijamsamehe mpaka leo.

Akalima mstari wa tatu, wa nne, wa kumi. Akatokea Shakwe juu, anapiga kelele.

"We mama! We mama! Unafanya nini hapo?"

"Napanda wimbi!"

"Maji yanakuja!"

Mama Sidi akainua uso, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Sidi afe. "Yanakuja kweli?"

"Yanakuja, nakwambia!"

"Yaje! Yaje hata sasa hivi! Miaka mitatu tunayangoja!"

Shakwe akashangaa, akaondoka. Angemwambia nini zaidi? Alimwambia maji yanakuja, na mwenye kuambiwa akasema karibu.

Mama Sidi akamaliza mstari wa kumi na tano, akafukia punje ya mwisho kabisa. Akakitikisa kibuyu, kimya. Akajinyoosha mgongo, akatazama shamba lake, akaona ni zuri.

Maji yakaja. La kwanza likaramba mguu wa shamba likarudi, naye akasema, "Karibu, mgeni." La pili likafika katikati, akasema, "Taratibu, mgeni." La tatu likaja limesimama, refu, linanguruma, likapita juu ya shamba zima, likapita juu ya Mama Sidi, likarudi kwao na kila kitu.

Wimbi likachukua wimbi.

Alipotoa kichwa hakukuwa na mstari, hakukuwa na shimo. Akachukua ungo, akawa anachota maji anapepeta, anachota anapepeta, anapepeta bahari mama wa watu! Akapata mchanga. Akapata konokono. Punje hakupata, hata moja. Akapiga yowe ambalo, wallahi, hata Kaa aliacha kucheka.

Jua lilipopanda wakafika washindani. Kiboko na gogo la mnazi. Kima na kiti cha mtu alichokiiba. Pomboo hakuwa na ubao, ngozi yake yamtosha. Alikuwa ameshinda miaka sita mfululizo, na kila aliyempita alimkumbusha. Ngoma ikapigwa. Malkia Nguva akatokea, akaketi mwambani.

Mama Sidi akamkimbilia, analia. "Malkia, nirudishie wimbi langu!"

"Wimbi lipi, mama? Mawimbi yote ni yangu."

"Langu la mbegu! Nilipanda kama mbiu ilivyosema, nimepanda mistari kumi na mitano, maji yako yamelichukua! Ndilo la mwisho, Malkia. Ukoo mzima hauna lingine."

Watu wakalitafuna lile neno. Kisha Kima akaanza, hi hi hi. Kiboko akafuata, ho ho ho. Ufuko mzima ukaanguka kicheko, wengine wakalala chali. "Kaja kulima bahari! Kaja na jembe!"

Malkia hakucheka, hilo tumpe haki yake. Akasema, "Mama, bahari ikimeza haitapiki. Ningekuwa na mbegu ningekupa; huku kwetu hakuoti kitu. Lakini umeitikia mbiu yangu. Jina lako limo. Panda, au rudi nyumbani."

Mama Sidi akajiuliza: nirudi nyumbani na nini? Akamwona Babu Jego mlangoni. Akawaona wanawe wawili. Akasema moyoni, kama sina mbegu, basi angalau maji. Wasife na kiu juu ya njaa. Akaokota ungo wake, akaingia baharini.

Sharti lilikuwa moja: usimame juu ya wimbi mpaka mchangani. Ukianguka, umetoka.

Wimbi la kwanza likaja. Kiboko akapanda gogo, gogo likazama, wimbi likamzunguka likaenda zake, yeye akabaki pale pale anauliza, "Limepita?" Kiboko akatoka.

Wimbi la pili likaja. Kima akasimama juu ya kiti, akainua mkono kuwapungia mashabiki, akainua na wa pili, akasahau kwamba ya kushikilia ni hiyo hiyo. Kima akatoka.

Na Mama Sidi? Yumo! Nyayo za pimbi hunata, ndizo zinazompandisha kwenye mwamba ulio wima. Zilinata kwenye ungo kama ulimbo. Hakujua kupanda, jamani, msije mkasema alijua. Alifumba macho. Alipigwa huku, alipigwa kule, alikunywa maji, akatapika, na muda wote alikuwa akiita, "Sidi! Sidi! Sidi!" Watu walidhani ni mbwembwe, wakaanza kumshangilia.

Wimbi la tatu likaja, kubwa kuliko yote. Wakabaki wawili, Pomboo na Mama Sidi. Pomboo akaruka juu, akajipindua mara moja, watu wakapiga vigelegele. Akajipindua mara ya pili, vigelegele. Akajipindua mara ya tatu, akashuka, na wimbi limeshampita. Mama Sidi akatupwa mchangani, amesimama juu ya ungo, macho amefumba.

"Kashinda! Pimbi kapanda wimbi!"

Wakambeba juu juu. Kima alimbeba, Kaa alipiga makofi kwa magando. Malkia akampeleka kisimani, akasema, "Hiki ni chenu, wewe na ukoo wako, mpaka vitukuu." Mama Sidi akanywa. Maji yalikuwa matamu kweli. Akajaza kibuyu, akakiziba, akajitwika, akaondoka bila kuaga. Hakungoja ngoma.

Akaenda, akaenda, akaenda. Njia nzima akipanga maneno: nitawaambia mbegu imepotea, lakini maji tunayo. Watanipiga, kisha watanisamehe. Tutahamia kisimani, tutaomba mbegu popote, tutaanza upya. Akajiambia hivyo siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu.

Siku ya tano akasikia harufu. Akasimama. Akasema, "Hapana."

Siku ya sita akasikia ngurumo. Akasema, "Hapana, Mungu wangu."

Siku ya saba akapanda kilima cha kwao, na mvua ilikuwa inanyesha. Mvua yenyewe hasa, ya matone makubwa, miferejini inapita. Na chini kule ukoo mzima wa pimbi ulikuwa shambani. Waliokuwa hawawezi kusimama walikuwa wanachimba wamekaa. Walikuwa wameshalima, wameshapiga mistari, wameshatoboa mashimo, mamia kwa mamia, yanangoja.

Wakamwona. Wakaona kibuyu kichwani kimejaa, kizito, shingo imemzama.

"Mama Sidi karudi! Mbegu imerudi!"

Wakaja mbio, wanaanguka matopeni, wanainuka. Wanawe wawili mbele. Babu Jego akamtua kibuyu, akakizibua, akakiinamisha kwenye shimo la kwanza.

Yakatoka maji.

Babu Jego akatazama, mvua inamtiririka usoni. "Mama Sidi, hiki nini?"

"Maji, Babu. Nimeshinda. Kisima ni chetu."

"Mbegu iko wapi?"

"Nimeipanda."

"Umeipanda wapi, mwanangu?"

"Baharini."

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga. Babu Jego alikaa chini kwenye tope, akashika kichwa, akawa anarudia, "Ni mimi. Ni mimi niliyesema teremsha." Wengine waliendelea kuchimba mashimo mpaka jioni, maana mikono ilikuwa imezoea.

Wakaenda kuomba mbegu kwa majirani. Sungura akasema, tulikula. Digidigi akasema, tulikula. Nguruwe akasema, tulikula sote, mlikuwa nyinyi tu.

Mama Sidi akaenda kwenye jiwe la mwanawe. Akalala kifudifudi juu yake, mvua ikimpiga mgongoni. Akasema, "Mwanangu, ungekula. Ningekupa ukala." Wakamwondoa asubuhi ameshapoa, na haikuwa kazi, alikuwa mwepesi.

Mvua ile ilinyesha miezi miwili. Mashamba ya pimbi yakaota nyasi. Waliokufa walikufa, waliobaki wakajifunza kula nyasi hizo na majani machungu ya kwenye mawe, na hawakushika jembe tena. Ndiyo maana mpaka leo mvua ikinyesha wanyama wote hutoka kufurahi, lakini pimbi huingia pangoni akalia. Na kile kisima? Kipo. Wanakunywa kunguru.

Basi, neno usilolijua, liulize kwanza kabla hujalibebea kibuyu cha mwisho. Na wewe unayelijua, liseme, hata kama jua limechomoza na kwenu ni mbali. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kusema "kazi njema" kwa mtu anayeangamia.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda ajitwike, asiyeipenda aikanyage apite. Haya, mgongo unaniuma, nishikeni mkono mnipandishe kitandani. Kitandani, nimesema! Msije mkasikia vibaya mkanipanda shambani, siku yangu bado.